Kebo Iliyomo Ukutani: Itambue Kabla Hujavunja Ukuta Wala Kupandisha Kifurushi

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi, wenye nyumba, na vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi.

Lipo swali ambalo wenye nyumba huja nalo karibu kwa maneno yaleyale: "Nimelipia megabiti 200. Nikisimama na simu karibu na ruta nazipata zote, lakini kompyuta niliyochomeka kwenye soketi ya chumbani haivuki 94. Nipandishe kifurushi?"

Usipandishe. Hiyo 94 yenyewe inasema kitu. Ethaneti, yaani mtandao wa kebo, ya megabiti 100, ukishaondoa kinacholiwa na mambo yake ya ndani, humfikia mtumiaji kwa kasi ya 94 hivi. Ya gigabiti moja humfikia kwa 940 hivi. Kwa hiyo mtu akitaja 94 ameshakueleza kwamba mahali fulani kati ya ruta na kompyuta yake, vifaa viwili vimekubaliana kuongea kwa megabiti 100, na hata akilipia kifurushi cha 500 atabaki na 94 yake. Mara nyingi mchawi ni kebo, ama aina yake, ama namna ilivyofungwa kwenye ncha.

Ndiyo maana mazungumzo ya leo ni ya kuitambua kebo iliyokwisha kufukiwa ukutani, ambayo fundi aliyeilaza hayupo na mchoro wake haupo. Ili tuelewane, nitasema "kebo" kwa maana ya mwili wote na ganda lake, na "waya" kwa kila uzi mmoja wa ndani. Madukani maneno haya huchanganywa, na hapo ndipo mtu huagiza kitu akaletewa kingine.

Umri wa nyumba utakupa dokezo la kwanza. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo intaneti ya nyumbani ilipita kwenye laini ya simu ya shaba, pale ilipokuwapo. Nyumba iliyopigwa lipu mwaka 2003 ikiwa na tundu dogo ukutani, kuna uwezekano mkubwa tundu hilo ni la simu. Nyumba ya 2015 au ya leo inaweza kuwa na kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e au Cat6, kebo ya dishi, kebo za kamera za ulinzi, na faiba inayoingilia dirishani. Lakini dokezo si ushahidi. Nyumba hukarabatiwa, na fundi hutumia kilichobaki kwenye gari.

Kabla ya kufungua soketi yoyote ukutani, zima sakiti breka ya chumba hicho. Kwa sheria za kazi hii, kebo ya data na waya wa umeme hazitakiwi kukaa bomba moja, lakini katika nyumba zetu utazikuta zimelala pamoja mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na ganda la kebo ya data halikutengenezwa kukukinga na volti 230. Hata laini ya simu si ya kuchezea kwa mikono iliyolowa. Ikiwa imetulia huwa na volti 48 hadi 50 hivi, na simu inapoita hupanda kupita 70.

Haya, tazama tundu. Tundu la simu, RJ11, ni jembamba na lina pini mbili au nne. La mtandao, RJ45, ni pana na lina pini nane. Zihesabu kwa tochi. Angalizo kwa wenye watoto na kwa mafundi wenye haraka: kichwa cha RJ11 huingia ndani ya tundu la RJ45 bila kukataa, na mabega yake ya plastiki huzikandamiza pini za pembeni, ya kwanza na ya nane. Soketi ikishafanyiwa hivyo mara kadhaa, pini hizo hazinyanyuki tena vizuri, na soketi inaanza kushika na kuachia.

Usiishie kwenye tundu. Uso wa soketi ni kipande cha plastiki kinachouzwa peke yake, na ukutani nyuma yake kunaweza kuwa na chochote. Fungua skrubu mbili za pembeni, vuta uso taratibu, na kabla hujagusa waya wowote piga picha mbili za simu, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Ukikuta kebo imebaki na sentimita 15 au 20 za ziada ndani ya boksi, mshukuru fundi aliyekutangulia. Ukikuta imekatwa fupi hadi imenyooka kama uzi wa gitaa, usiivute. Ikichomoka kwenye moduli, kile kipande cha nyuma kinachoshika nyaya, na kurudi ndani ya bomba, umeipoteza.

Sasa soma ganda. Kebo yoyote ya heshima ina maandishi yanayojirudia kila baada ya mita moja hivi. Yakiwa yamefifia, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha mulika tochi kwa ubavu badala ya kumulika moja kwa moja, na uyakuze kwa kamera ya simu. Utaona kitu kama hiki: CAT6 U/UTP 4PR 23AWG LSZH ISO/IEC 11801, halafu namba yenye herufi M mwishoni.

CAT6 ndilo daraja. 4PR ni jozi nne, yaani nyaya nane. 23AWG ni unene wa waya, na hapa wengi hukosea kwa kuwa hesabu yake inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Waya wa 24 una kipenyo cha milimita 0.51 hivi, wa 23 una 0.57. Cat5e kwa kawaida ni 24 na Cat6 ni 23. Ukisoma "CAT6 26AWG" kwenye kebo ndefu ya ukutani, kuna jambo. Unene huo ni wa kebo fupi za kuchomekea.

U/UTP inaeleza kinga dhidi ya kelele za umeme. Herufi ya kabla ya mkwaju ni kinga ya mwili wote, ya kwanza baada yake ni kinga ya kila jozi, na TP ni jozi zilizosokotwa. U maana yake hakuna kinga, F ni karatasi ya alumini, S ni wavu wa nyaya. Kwa hiyo F/UTP ina karatasi moja iliyozunguka jozi zote nne, na S/FTP ina wavu nje na karatasi kwa kila jozi. Kebo yenye kinga inataka soketi ya chuma na njia ya kwenda kwenye waya wa ardhi. Nyumba nyingi zimewekewa F/UTP halafu ile karatasi ikakatwa na kuachwa inaning'inia. Hapo mwenye nyumba amelipia kinga asiyoitumia.

LSZH ni ganda ambalo likiungua hutoa moshi kidogo usio na sumu ya klorini. ISO/IEC 11801 ni namba ya kiwango. CM, CMR na CMP ni madaraja ya moto ya Marekani. Kwa nyumba ya familia moja haya hayabadili kasi. Yanahusu usalama, na kwa nyumba za ghorofa yana uzito wake.

Ile namba ya mwisho watu huipita kana kwamba haina kazi, na mimi naiona ni hazina. Ni alama ya mita kutoka mwanzo wa boksi. Isome upande wa ruta, tuseme 212M, kisha nenda chumbani usome upande wa pili, 187M. Toa: mita 25. Umepata urefu wa kebo iliyofukiwa bila kifaa chochote. Na kama chumbani unasoma namba ya mbali kabisa, au maandishi ya aina nyingine, basi hiyo si kebo uliyoishika mwanzo. Kuna kiungo mahali fulani ndani ya ukuta au juu ya dari, na viungo vya namna hiyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa usiopatikana. Ukiona FT badala ya M, hizo ni futi. Zidisha kwa 0.305.

Maandishi ni madai ya mtengenezaji tu, na duniani kuna wino wa kutosha kuandika CAT6 juu ya chochote. Ganda lililoandikwa "CAT6" peke yake, bila jina la mtengenezaji, bila AWG, bila namba ya kiwango, ni la kutilia shaka. Tuingie ndani.

Vua sentimita tano za ganda kwenye ncha ile ya ziada, kwa wembe, ukizunguka bila kukandamiza. Hesabu nyaya. Mbili au nne ni simu. Nane, zilizosokotwa mbilimbili kwa rangi za chungwa, kijani, buluu na kahawia, kila moja na mwenzake mwenye weupe, ni kebo ya mtandao. Tazama msokoto. Kebo ya simu, ikiwa imesokotwa kabisa, hujizungusha mara moja tu kwa sentimita kadhaa. Jozi za Cat5e hujizungusha mara moja kwa kila sentimita moja na nusu hadi mbili, na Cat6 hubana zaidi. Chukua jozi ya kijani na ya kahawia uzilaze pamoja: hazikusokotwa sawa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu jozi mbili zenye msokoto sawa husikilizana. Katikati ya Cat6 nyingi utakuta utepe wa plastiki wenye umbo la msalaba unaotenganisha jozi nne. Ukiuona, hiyo si Cat5e. Usipouona, usikate shauri bado, maana zipo Cat6 halali zisizo na msalaba.

Nataka nikae kidogo kwenye shaba, kwa kuwa hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Kuna kebo ambazo waya wake ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Mafundi huziita CCA, na wakati mwingine herufi hizo zimeandikwa kwenye boksi kwa maandishi madogo. Kwa macho waya wake ni mwekundu kama wa shaba. Viwango vya kebo za mtandao havizitambui. Kebo ya CCA haiwezi kuwa Cat5e wala Cat6, hata iandikwe nini. Kuipima, chukua waya mmoja, vua ngozi yake ya plastiki, uulaze juu ya kitu kigumu, kisha ukwangue kwa wembe kwa kuulaza wembe. Kwangua mara tatu, nne. Shaba ikikwanguliwa inaonyesha shaba tena, nyekundu ileile, inayong'aa zaidi. CCA inaonyesha mstari mweupe wa fedha. Sasa ukunje palepale ulipokwangua, huku na huku. Alumini hukatika baada ya mikunjo michache, na shaba huvumilia. Waya ukiwa mweupe kwa nje lakini mwekundu ukishakwangua, usiulaumu. Hiyo ni shaba iliyopakwa bati. Na kama sumaku inaushika, ndani ni chuma.

Kwenye boksi jipya la mita 305, uzito wenyewe unasema. Shaba iliyomo ndani ya boksi la Cat5e la unene wa 24 inakaribia kilo nne na nusu, kabla ya kuhesabu plastiki. Ikiwa CCA, metali yake haifiki kilo mbili. Weka maboksi mawili kwenye mizani ya duka la jirani, utaona. Lakini kwa kebo iliyokwisha kufukiwa mizani haisaidii, kwa hiyo tumia multimita. Upande mmoja, vua waya mbili za jozi moja, tuseme buluu na mwenzake, uzisokote pamoja. Upande wa pili pima omu kati ya waya hizo mbili. Umeme utakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mara mbili. Shaba ya 24 ina omu 8.4 hivi kwa kila mita 100 za waya mmoja, na ya 23 ina 6.7. Kiwango kinaruhusu hadi 9.38. CCA ya 24 hukaribia 13.

Rudi kwenye kebo yetu ya mita 25: kwenda na kurudi ni mita 50. Shaba ya 24 itakupa omu 4.2, CCA itakupa 6.5 hivi. Kumbuka kwanza kugusanisha ncha za multimita yenyewe na kuandika inachosoma, mara nyingi omu 0.2 hadi 0.5, kisha uitoe. Kwa kebo fupi, makosa hayo madogo hubadili hukumu. Boksi zima la shaba ya 24 lisizidi sana omu 51 kwenda na kurudi, na la 23 omu 41. Ongeza asilimia chache kwa sababu waya uliosokotwa ni mrefu kuliko kebo yake. Ukisoma 80 kwenye boksi la 24, lirudishe dukani.

Kwa nini nasisitiza hivi, wakati kebo ya CCA ya mita 10 inaweza kupitisha gigabiti siku ya kwanza na mwenye nyumba akafurahi? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kichwa. Alumini ni laini na huchoka. Pale inapobanwa na meno ya RJ45 inalegea kidogokidogo, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi inaingia. Kigamboni, Mombasa, Tanga, Unguja, soketi hufanya kutu hata ikiwa ni shaba. Kwa alumini mambo ni ya haraka zaidi.

Ya pili ni umeme. Siku hizi kebo hizi hubeba umeme wa kamera. Chukua kamera ya volti 12 inayokula ampea nusu taa zake za usiku zikiwaka, ikilishwa kwa jozi mbili, moja chanya na moja hasi, umbali wa mita 25. Kwenye shaba ya 24 utapoteza volti moja hivi, kamera ipate 10.95. Kwenye CCA utapoteza 1.6, kamera ipate 10.4. Kamera nyingi za volti 12 hazitaki kushuka chini ya 10.8. Mchana, taa zake zikiwa zimezima, inafanya kazi. Usiku taa zinawaka, volti inaanguka, kamera inajizima na kujiwasha hadi alfajiri. Mwenye nyumba anabadilisha kamera mara mbili, tatu, na kosa limelala ukutani.

Tukishajua mwili, twende kwenye ncha. Fundi wa haki hufunga kwa mpangilio mmoja kati ya miwili. T568B, kuanzia pini ya kwanza: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. T568A hubadilishana chungwa na kijani tu. Hakuna ulio bora. Shika mmoja nyumba nzima.

Tazama kitu kimoja kwenye mpangilio huo: pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja, ingawa haziko jirani. Wapo wanaofunga kwa mantiki ya macho, buluu na mwenzake, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, kahawia na mwenzake, pande zote mbili sawasawa. Kipima taa cha bei nafuu kitawasha taa nane kwa zamu bila kosa, fundi atasema kebo ni nzima. Lakini ishara ya pini ya 3 sasa inasafiri na waya wa jozi moja na inarudi kwa waya wa jozi nyingine, na msokoto hauna tena cha kufuta. Kasi inayumba, pakiti zinapotea, na umbali ukizidi kiungo hakishiki kabisa. Kipima taa hakioni kosa hili, kama ambavyo hakioni CCA. Kwa hiyo macho yako ndiyo kipimo: zikague rangi, pini kwa pini, pande zote mbili.

Sasa ile 94 ya mwanzo. Megabiti 100 hutumia pini ya 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inataka zote nane. Waya mmoja tu wa buluu au wa kahawia ukikatika au ukikosa kushika, vifaa vinashuka vyenyewe hadi 100 na hakuna anayepewa taarifa. Kisa kingine cha kawaida ni fundi aliyegawa kebo moja kwa soketi mbili, jozi mbili huku, jozi mbili kule, ili aokoe kebo. Utamjua kwa kufungua soketi: nyaya nne zimefungwa, nne zimekunjwa nyuma.

Lakini kabla ya kufungua chochote, ondoa washukiwa wa rahisi. Badilisha kebo fupi ya kuchomekea. Angalia kama ruta yako ina milango ya gigabiti. Zipo nyingi zenye milango ya 100. Angalia kiunganishi cha USB cha laptopu, nacho kinaweza kuwa cha 100. Kisha usome kasi waliyokubaliana: kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya Ethernet, utaona 100/100 au 1000/1000, kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi. Kipimo cha kasi cha mtandaoni hakitoshi, kwa sababu kinapima na mtoa huduma pia.

Kila daraja linaweza nini? Cat3, ile ya simu za zamani, kwa kiwango chake ni megabiti 10. Cat5e hupitisha gigabiti moja hadi mita 100, na tangu kiwango cha mwaka 2016 hupitisha 2.5 kwa urefu huohuo. Cat6 hupitisha gigabiti 5 hadi mita 100, na 10 hadi mita 55 ikiwa haijafungwa fungu moja na nyingine nyingi. Cat6A hufika 10 kwa mita 100 kamili. Cat8 ni ya vyumba vya seva, mwisho wake mita 30. Zile kebo fupi zinazouzwa kwa jina la Cat7 na kichwa cha RJ45 zisikupe homa. Cat7 yenyewe iliwekewa vichwa vya aina nyingine. Kwa nyumba yenye kifurushi cha megabiti 50 au 500, Cat5e ya shaba iliyofungwa vizuri inatosha. Nalisema hili mbele ya wenye maduka pia. Usivunje ukuta kwa sababu tu ganda limeandikwa 5e.

Na ukikuta kebo moja nene ya duara, yenye waya mmoja katikati, sponji nyeupe na wavu juu yake? Hiyo ni ya dishi au ya kamera za zamani. RG-6 ya dishi ina kipenyo cha karibu milimita 7 na kichwa cha kukaza kwa nyuzi. RG-59 ya kamera ni nyembamba kidogo, na mara nyingi ina kichwa cha BNC cha kuzungusha robo. Hapa sumaku ikishika waya wa kati usishtuke, chuma kilichovikwa shaba ni kawaida kwa RG-6. Vipo vifaa vya MoCA vinavyopitisha intaneti ndani ya kebo hii kwa kasi nzuri sana, lakini vinatumia masafa ya 1125 hadi 1675 MHz, na ishara inayoshuka kutoka kwenye dishi inatumia 950 hadi 2150. Zinagongana. Kebo inayolisha king'amuzi haiwezi kubeba zote mbili.

Kwetu, matumizi yake bora kwa kawaida ni kuwa kamba. Kama imepita ndani ya bomba na dishi halitumiki tena, funga Cat6 mpya kwenye ncha yake kwa utepe wa gundi, ivute upande wa pili. Jaribu kwanza: mtu mmoja aivute taratibu, mwingine aangalie kama ncha ya pili inasogea. Isiposogea imefukiwa kwenye lipu moja kwa moja, iache. Ukivuta, nguvu isizidi ya kubeba kilo 11, na kona isiwe kali kuliko mara nne ya unene wa kebo. Bomba la milimita 20 lichukue Cat6 tatu, si zaidi. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kuta za matumbawe na chokaa humeza Wi-Fi chumba kwa chumba, njia moja ya bomba kama hii ni mali.

Faiba utaitambua kwa wembamba wake. Ni kebo bapa, nyeusi au nyeupe, ndani yake uzi wa kioo unaoonekana kwa shida, na kichwa chake ni cha mraba cha plastiki, mara nyingi kijani. Kijani maana yake ncha imekatwa kwa mteremko. Usiichomeke kwenye tundu la buluu, ncha hazitakutana sawa. Usichungulie ndani ya kichwa hicho, mwanga wake hauonekani kwa macho na bado unaweza kuyaumiza. Usiikate ili kuifupisha. Izungushe kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, uifunge bila kuikaza. Ukurasa wa kifaa cha faiba ukionyesha mwanga unaopokelewa uko chini ya dBm -27, kwa mfano -29, au taa ya LOS, ya kupotea kwa ishara, inawaka nyekundu, tafuta kwanza mahali ilipobanwa na dirisha au kabati.

Ukimaliza kukagua, andika. Ndani ya uso wa kila soketi, kwa kalamu ya wino usiofutika: daraja, unene, shaba au CCA, mpangilio A au B, namba za mita za pande zote mbili, na tarehe. Kisha piga picha, uitunze pamoja na hati za nyumba. Fundi atakayekuja miaka kumi baadaye hatahitaji kukisia.

Mezani pale kuna vipande saba vya kebo, havina majina, na viwili maandishi yake yanadanganya. Kuna wembe, multimita mbili na sumaku. Njooni wanne wanne, mkwangue wenyewe.